Mtoto mwenye mahitaji maalumu Katavi: halmashauri inawajibika kwa nini, na mzazi aanzie wapi?

Kila Januari shule zinapofunguliwa, simu zinazoingia studio kwetu huwa na swali linalofanana. Mzazi ana mtoto asiyesikia, au asiyeona vizuri, au anayechelewa kuelewa kuliko wenzake. Amempeleka shule ya jirani, amepokelewa, kisha baada ya wiki mbili tatu anaambiwa, "Huyu hapa hatuna wa kumfundisha, nenda halmashauri." Halmashauri ipi? Kwa nani? Ukifika unasema unataka nini? Makala hii tumeiandika kwa ajili ya swali hilo.

Nani ni nani

Wengi wetu tukisikia neno elimu tunaitaja Wizara ya Elimu. Wizara inatunga sera, inasimamia mitaala na vyuo vya ualimu, na inadhibiti ubora. Lakini shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya TAMISEMI, na anayeziendesha siku hadi siku ni halmashauri.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Mtoto wa Makanyagio ni wa Manispaa, wa Katumba ni wa Nsimbo, wa Karema au Mishamo ni wa Tanganyika, wa Inyonga ni wa Mlele na wa Majimoto ni wa Mpimbwe. Kujua hili kunaokoa nauli. Mzazi wa Itenka anayekuja na bodaboda hadi ofisi za Manispaa mjini atarudishwa, maana mtoto wake yuko kwenye vitabu vya Nsimbo.

Ndani ya halmashauri kuna idara ya elimu ya awali na msingi, na ndani ya idara hiyo kuna afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Huyo ndiye mtu wa kuulizia kwa cheo. Kabla ya kumfikia yupo afisa elimu kata, ambaye ofisi yake haiko mbali na shule, na kwa mambo ya afya na familia yupo afisa ustawi wa jamii.

Sheria inasemaje

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Inataka pia apewe huduma za kumsaidia kujifunza na afundishwe na mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesema "hatuna wa kumfundisha" anaweza kuwa anasema ukweli kuhusu shule yake, lakini ukweli huo haumalizi wajibu wa serikali kwa mtoto. Unauhamishia tu ngazi ya juu, kwenye halmashauri.

Ndiyo maana tunawashauri wazazi wasiondoke shuleni na jibu la mdomo. Omba mwalimu mkuu aandike barua kwenda kwa mkurugenzi kupitia kwa afisa elimu kata, ikitaja mtoto ni nani na anahitaji nini, na wewe ubaki na nakala.

Fedha inakwama wapi

Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, serikali inapeleka fedha za elimu bila malipo moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango kilichopangwa kwa shule ya msingi ni ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zinakwenda shuleni kwa uendeshaji na 4,000 ni za vitabu. Ukigawa ile 6,000 kwa miezi kumi na miwili unapata shilingi 500 kwa mwezi. Inatosha chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo.

Sasa weka mtoto asiyeona kwenye darasa hilo. Mashine moja ya kuandikia nukta nundu inagharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na karatasi zake ni nzito, si zile za kawaida za dukani. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mafuta ya kuzuia jua na mara nyingi miwani. Asiyesikia anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama, na mwenye ulemavu wa viungo anahitaji njia ya mteremko badala ya ngazi na choo anachoweza kuingia na kiti mwendo. Ruzuku inayohesabu vichwa haioni tofauti hiyo. Kwa hesabu yake, watoto hao wote ni wanafunzi sawa wa shilingi 6,000.

Tofauti hiyo huzibwa kwa njia nyingine. Serikali kuu hununua vifaa na kuvigawa mikoani, na hutuma fedha za chakula kwa shule za bweni na za elimu maalumu. Halmashauri nayo inaweza kutenga fedha kutoka mapato yake ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni na ada za masoko na minada. Hapa ndipo mwananchi ana sauti kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu bajeti ya mapato ya ndani inapitishwa na madiwani tuliowachagua wenyewe.

Tuondoe mkanganyiko mmoja ambao wasikilizaji wetu huuleta mara kwa mara. Ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani pamoja na asilimia 4 ya wanawake na 4 ya vijana, si fedha ya shule. Ni mikopo isiyo na riba kwa shughuli za kiuchumi. Diwani akiulizwa kuhusu watoto wenye ulemavu shuleni na kujibu kwamba "asilimia mbili ipo," hajajibu swali.

Vijiji vyenye fedha zao

Wilaya ya Tanganyika ina jambo ambalo halmashauri nyingi nchini hazina. Vijiji vinavyotunza misitu kwenye milima ya Ntakata, vikiwemo Katuma, Mwese, Lugonesi na Kagunga, vinapata fedha za hewa ya ukaa kupitia makubaliano na kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha hizo zimejenga madarasa na huduma za afya, na matumizi yake hupangwa na kijiji chenyewe kwenye mkutano wake mkuu. Maana yake ni kwamba mzazi wa Mwese hana haja ya kusubiri bajeti ya Dodoma ili choo cha shule kiwe na mlango mpana. Anaweza kunyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji. Tunachokiona ni kwamba hoja za aina hii hazisikiki mikutanoni kwa sababu wazazi wenye watoto hao hawahudhurii, au wakihudhuria wanakaa nyuma.

Walimu

Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa hasa Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, na wengine katika vyuo vikuu. Halmashauri haiajiri walimu. Ajira zinatoka serikali kuu. Lakini mkurugenzi ana uwezo wa kumhamisha mwalimu kutoka shule moja kwenda nyingine ndani ya halmashauri yake, na hilo tunaona halizungumzwi vya kutosha. Mwalimu aliyesomea elimu ya viziwi anaweza kuwa anafundisha hisabati darasa la tano kwenye shule isiyo na kiziwi hata mmoja, huku kata ya jirani mtoto anarudishwa nyumbani. Kumhamisha ni gharama ya uhamisho tu. Diwani anayetaka kusaidia aanze kwa kuomba orodha: walimu wangapi wa elimu maalumu, wako shule zipi, wanafundisha nini.

Kitengo, shule maalumu au darasa la kawaida?

Kuna mfumo jumuishi, ambapo mtoto anasoma na wenzake darasa moja akisaidiwa. Kuna kitengo, yaani madarasa ya elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Kisha kuna shule maalumu zinazojitegemea. Shule kongwe za aina hiyo zilianzishwa na makanisa: ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Kwa familia za huku kwetu, Tabora imekuwa na maana yake, kwa kuwa treni ya Mpanda inapita Kaliua hadi huko.

Serikali sasa inasisitiza elimu jumuishi, na upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Tunaukubali mwelekeo huo, ila umbali wa Katavi unaubana. Mwamkulu na Kakese ni kata za Manispaa, lakini ukiwa kule kwenye majaruba ya mpunga, shule ya mjini ni safari ya kweli. Mzazi hawezi kulipa bodaboda kila siku asubuhi na jioni. Kitengo kisicho na bweni, au kisicho na usafiri, kinahudumia watoto wa kata zinazokizunguka tu. Na bweni nalo lina bei yake: mtoto kiziwi anarudi likizo akiwa na lugha ya alama ambayo nyumbani hakuna anayeijua, hata mama yake. Shule zenye vitengo zingeweza kuwapa wazazi mafunzo ya siku chache ya lugha hiyo wakati wa kufunga shule. Gharama yake ni ndogo.

Lini kusema, na wapi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukienda kuomba Julai umechelewa. Mapendekezo huanzia kwenye mitaa na vijiji, yanapita kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri, na madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka mpya kabla haijapelekwa Bungeni. Wakati mzuri wa kusema ni kati ya Oktoba na Desemba, ambao pia ndio msimu wa kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza.

Kuandikisha ndiko kunakobeba mengine yote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,152,958 Katavi, na idadi hiyo inajumuisha watoto waliofungiwa ndani. Lakini bajeti ya elimu maalumu haipangwi kwa sensa. Inapangwa kwa takwimu za shule, na mtoto ambaye jina lake halipo kwenye daftari la shule hanunuliwi kifaa wala hapangiwi mwalimu. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anayejua nyumba yenye mtoto wa namna hiyo apeleke jina kwa afisa elimu kata, hata kama mzazi anaona aibu.

Daftari hilo linamfuata mtoto hadi darasa la saba. Baraza la Mitihani linawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wasioona hupewa karatasi ya nukta nundu na wenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa. Hayo yote yanategemea taarifa ambazo shule inajaza wakati wa kuwasajili watahiniwa, miezi kadhaa kabla ya mtihani. Mzazi mwenye mtoto darasa la saba aende kwa mwalimu mkuu aombe kuona mtoto wake amesajiliwa vipi.