Kamba na Matwari

Kamba ilikuwa nene, nzito, imeshikwa na watu pande zote mbili hadi ikapotelea katikati ya umati. Mama mmoja wa Kigujarati, sari yake ameipandisha juu ya vifundo apate kutembea, aliutazama mtandio wangu, akaniuliza kwa Kiswahili cha Mombasa, "Mwanangu, watoka wapi?" Tulikuwa Piccadilly, katikati ya London, Jumapili ya kiangazi. Nyuma yetu lilikuwa likija gari la Jagannath, mungu wa Wahindu, paa lake la vitambaa vyekundu na vya manjano likiyumba kama tanga.

"Shikamoo, mama. Natoka Lamu."

"Marahaba. Basi haya si mageni kwako. Njoo ushike kamba."

Nimelipima neno hilo tangu siku ile, na naona lina kweli kubwa, ingawa si yote.

Chimbuko la msafara huu ni Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha nchini India. Kila mwaka, Juni au Julai, Jagannath na nduguze, Balabhadra na Subhadra, hutolewa hekaluni na kuvutwa kwa kamba mwendo wa karibu kilomita 3 hadi hekalu la Gundicha. Magari ni 3, ya mbao, huundwa upya kila mwaka: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la dada yao 12. Kabla hayajaondoka, mfalme wa Puri hupanda akafagia jukwaa kwa ufagio wa mpini wa dhahabu. Ni kazi ya mfagiaji, naye huifanya mbele ya macho ya watu wote. Hilo linanigusa kuliko ukubwa wa magari, maana hekalu lenyewe haliruhusu asiye Mhindu kuvuka mlango wake. Siku hiyo aliye ndani hutoka kuwafuata walio nje.

Lamu nako kuna historia ya mlango. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alipoanza kufundisha Lamu mwishoni mwa karne ya 19, aliwafungulia darsa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwamo waliokuwa watumwa na vizazi vyao. Matwari, yaani matari ya kupigwa kwa mkono, aliyoyaingiza katika maulidi yaliwaudhi wengi. Leo maulidi ya Riyadha, msikiti wake, mwezi wa Mfungo Sita, huwavuta watu wa pwani nzima. Baada ya ziyara kaburini kwake huja zefe: vijana wa madrasa katika kanzu nyeupe, safu kwa safu, bakora mkononi, wakiyumba kulia na kushoto kwa pamoja. Njia za Lamu ni nyembamba; zefe likipita hubidi ujibanze barazani, na mtetemo wa matwari unausikia mgongoni, kwenye ukuta wa mawe.

Hapo hakuna gari wala sanamu. Kinachobebwa ni sauti, sifa za Mtume. Hapo ndipo neno la yule mama linapofika ukingoni. Wavutao kamba wanaamini wanamsogeza Bwana wa Ulimwengu, maana ndiyo tafsiri ya Jagannath, na kuyaona macho yake makubwa ya duara ni baraka yenyewe. Mwenye zefe hamwoni anayemsifu, wala hatafuti kumwona. Moyo wake wote uko katika kutaja. Anayesema kwamba yote ni mamoja, kwamba ni utamaduni tu, naona anawavunjia heshima wa huku na wa kule.

Tena London imegeuza mambo. Harakati ya Hare Krishna, inayouandaa msafara wa hapa, ilianzishwa New York mwaka 1966 na Swami Prabhupada. Mwaka uliofuata gari likavutwa San Francisco, na mwaka 1969 London. Kule Puri walio nje hufikiwa na aliye ndani. Hapa wageni ni waumini wenyewe: wameuomba mji njia, wanapita mbele ya maduka na hoteli za fahari kutoka Hyde Park hadi Trafalgar Square, kisha wao ndio wanaowagawia wenyeji chakula bure. Niliwaona wanawake wameshika kamba bega kwa bega na wanaume, nikakumbuka kwamba kwetu zefe ni la wanaume na wavulana. Sisi wasichana tulitazama kutoka barazani na madirishani. Hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

Kando ya njia kuu ya Puri kuna kaburi la Salabega, mshairi wa karne ya 17, mtoto wa baba Mwislamu, aliyemtungia Jagannath nyimbo zinazoimbwa hadi leo. Hekaluni hakuruhusiwa. Husimuliwa kwamba mwaka mmoja alichelewa safarini, na gari likakataa kwenda mpaka alipofika. Hadi sasa gari husimama hapo kidogo kila mwaka. Lakini Salabega alimpenda Jagannath. Mimi sikwenda na mapenzi hayo, na kamba ile si ya kushikwa kwa adabu ya ugeni tu.

Nikamwambia, "Ahsante, mama. Niwie radhi, sitavuta. Nitatembea kando yako."

Hakununa. Aliihamishia kamba mkono wa kulia, akanishika kiganja kwa ule wa kushoto, akaanza kuniuliza kama punda wa Lamu bado ni wengi vichochoroni.