Mwili Hukumbuka, Daftari Husahau

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakupeleka kusini, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Mwaka 2002 mama yangu mdogo, mkazi wa kijiji kimoja cha Newala, alishikwa na homa. Akameza vidonge vya SP, dawa ya malaria ya wakati ule. Baada ya wiki moja midomo ilichubuka, macho yakavimba, ngozi ikatoka malengelenge na kubambuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wapo waliosema amerogwa. Sisi tukampakia kwenye gari tukateremka naye Masasi hospitalini. Alipona, lakini jicho lake moja halikurudi kama zamani.

Ni kitu gani kilichomuunguza? Wengi watajibu kuwa dawa ilikuwa sumu. Sayansi inajibu vingine.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliwachunguza watoto waliotibiwa kwa dawa iliyotokana na damu ya farasi. Aliona kwamba mtoto aliyechomwa sindano hiyo mara ya pili alitokwa na upele upesi kuliko mara ya kwanza. Maana yake mwili ulikuwa umekumbuka. Mwaka 1906 akabuni neno tunalolitumia mpaka leo: aleji.

Kinga ya mwili ni jeshi, na askari wake ni chembechembe nyeupe za damu. Dawa nyingi ni ndogo mno kutambuliwa na askari hao. Lakini dawa ikijibandika kwenye protini za mwili, askari huona sura ngeni. Mara ya kwanza huiweka alama, mara ya pili hushambulia. Shambulio la haraka huleta muwasho na vipele ndani ya dakika au saa chache. Lile la polepole huchukua siku au wiki, na likiwa kali askari huziua chembechembe za ngozi yenyewe. Hali hiyo huitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioieleza mwaka 1922.

Lakini si kila upele ni wa dawa, na Newala ni shahidi. Mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala na Masasi walipatwa na homa kali, maumivu ya viungo na upele. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na R. W. Ross akakitenga kirusi chake. Leo dunia nzima inauita ugonjwa huo chikungunya, neno la Kimakonde la kukunjika kwa maumivu. Upele ule ulitokana na vita ya mwili na kirusi. Kwa hiyo ngozi peke yake haimtaji mkosaji. Lazima mtu aulize: umekunywa dawa gani, na lini?

Swali hilo liliokoa maisha ya wagonjwa wa kifua kikuu. Miaka mingi Afrika Mashariki ilitumia thiasetazoni kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei. UKIMWI ulipoingia, wagonjwa wakaanza kubambuka ngozi. Utafiti wa Nairobi uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa karibu mmoja kati ya kila watano wenye virusi vya UKIMWI alipata madhara ya ngozi, na wasio na virusi ni mmoja tu katika mia. Ajabu ni kwamba jeshi lililodhoofika ndilo lililopiga ovyo, kama askari waliopoteza kamanda. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani likaonya dawa hiyo wasipewe wagonjwa hao.

Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua SP, na baadaye mwaka 2006 ikachagua dawa mseto. SP haikuwa adui. Waliodhurika vile walikuwa wachache sana, na mpaka leo inawakinga wajawazito. Lakini ndani yake mna salfa.

Mama mdogo alipopona nilipekua madaftari yake ya zahanati. Miaka minne kabla ya hapo alipewa vidonge vya kikohozi, akatokwa na upele. Mwenyewe alikumbuka kuwa vilikuwa vya salfa. Daftari lilisema tu: "Upele. Apewe dawa ya kupaka." Jina la dawa iliyomletea upele halikuandikwa. Mwili wake ulikumbuka kwa miaka minne kile ambacho sisi hatukukiandika hata mara moja.

Basi, ndugu yangu, dawa ikikutoa upele, dai jina lake liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari, nawe ulitaje kila uendapo kutibiwa. Na ukiona vidonda mdomoni, macho mekundu au ngozi inabambuka, usimeze kidonge kingine. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Hayo ndiyo maoni yangu ya wiki hii.