Madaraja ya Mau na tao ambalo halikujengwa

Ukifuata reli ya zamani kutoka Nakuru kuelekea Kisumu, unapita Njoro, Elburgon na Molo, unavuka kilele cha Mau, kisha unateremka kuelekea ziwani. Katika sehemu hiyo ya Mau yalijengwa madaraja 27 marefu yanayosimama juu ya miguu ya chuma. Mimi ni mwandishi wa programu, si mhandisi wa ujenzi, lakini nilipokuwa naandika kiprogramu cha kukokotoa matao swali likanijia: mbona mabonde yote hayo hayakuvukwa kwa tao? Basi leo, wasomaji, tuache kidogo mambo ya hifadhidata.

Sababu ya wakati ule ilikuwa pesa na muda. Kazi ilipewa American Bridge Company, kampuni iliyoundwa 1900, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na iliahidi kumaliza mapema kuliko makampuni ya Uingereza. (Huko London watu walinung'unika sana: kodi ya Mwingereza ikanunue chuma cha Mmarekani!) Vipande vilitengenezwa kiwandani Marekani, vikaja kwa meli hadi Mombasa, vikaunganishwa pale pale bondeni. Reli yenyewe ilifika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901.

Lakini madaraja hayo yalipata faida nyingine, nayo inaonekana ukipiga hesabu. Daraja la miguu linabonyeza ardhi kwenda chini tu, ukiacha upepo na breki za treni. Tao linaibonyeza ardhi chini na pia kuisukuma kando, na ardhi lazima isukume kurudi. Hizo nguvu za ardhi ni nne: ya wima na ya ulalo kwa kila egemeo. Milinganyo ya msawazo ni mitatu tu. Wanaojua algebra wanaona tatizo: visivyojulikana vinne, milinganyo mitatu.

Wahandisi wa Ujerumani wa miaka ya 1860 waliliondoa tatizo hilo kwa kuweka bawaba ya tatu kileleni. Bawaba haiwezi kuzuia kugeuka, kwa hiyo pale kileleni nguvu ya kugeuza ni sifuri, na huo ndio mlinganyo wa nne. Kwa mzigo w ulioenea sawasawa, upana L na kimo f:

V = w*L / 2
H = w*L*L / (8*f)

Chukua tao la mita 40, kimo mita 8, mzigo tani 2 kwa kila mita. Kila egemeo linabeba tani 40 kwenda chini na linasukumwa kando kwa tani 50. Ndiyo, msukumo wa kando unazidi uzito! Ukipunguza kimo hadi mita 4, msukumo unakuwa tani 100.

Treni nayo haishuki kutoka angani ikajaza daraja lote kwa mara moja. Inaingia upande mmoja. Mzigo ukiwa nusu ya kushoto tu, egemeo la kushoto linabeba tani 30, la kulia 10, na msukumo unashuka hadi 25. Ungedhani tao limepumzika. Kumbe hapana. Tao lenye umbo la parabola likijazwa lote halipindwi popote, lakini kwa nusu mzigo, kwenye robo ya kushoto linapindwa kwa tani-mita 50, na robo ya kulia kiasi hicho hicho kinyume chake. Kiprogramu changu cha kwanza kilipima mzigo kamili tu, kikanipa sifuri nzuri kabisa za kudanganya.

Pale ambapo miguu haiwezekani, tao lilijengwa. Mwaka 1905 daraja la Victoria Falls lilivuka korongo la Zambezi kwa tao la bawaba mbili, likisukuma kuta za mwamba mgumu. Siku ya kuunganisha nusu mbili, chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto na vipande vikapishana kwa kiasi cha inchi moja na robo. Walisubiri baridi ya alfajiri, vikaingia.

Bonde la Ufa si mwamba wa Zambezi. Sehemu kubwa ni majivu ya volkeno na mipasuko, na tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Nikajaribu: maegemeo ya tao langu yaachane kwa sentimita 10. Kwa bawaba tatu, kilele kinashuka kama sentimita 13 na msukumo unapanda kutoka tani 50 hadi karibu 51. Basi, hakuna zaidi. Kwa bawaba mbili milinganyo haitoshi. Kiprogramu kinakataa kujibu mpaka nikipe ugumu wa chuma chenyewe, na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo sentimita zile zile zinavyolipinda tao zaidi.