Linux kwa ofisi za serikali: Munich walianzaje?

Bajeti ya kompyuta za serikali ikifika tu, mmoja atasema: acheni kulipia leseni, wekeni Linux, ni ya bure. Mwingine atajibu: Munich walijaribu wakashindwa. Mimi naona wote wanaruka katikati ya hadithi.

1/ Mwaka 2003 baraza la jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamisha kompyuta kama 14,000 kutoka Windows NT. Steve Ballmer, bosi wa Microsoft wakati huo, alienda mwenyewe kuwabembeleza na punguzo. Wapi!

2/ Eneokazi walilochagua, yaani ile skrini unayoikuta ukiwasha mashine, ni KDE, mradi ulioanzishwa 1996 na mwanafunzi Mjerumani, Matthias Ettrich. Menyu chini, saa pembeni, karani anazoea. Kazi ngumu ilikuwa fomu: maelfu ya templeti na makro, kila idara na zake. Ikabidi jiji litengeneze programu yake, WollMux, kuzipanga upya. Kuhamisha kulianza 2006, kukaisha 2013. Sasa wewe unayetuahidi Linux hapa Kenya, fomu za wizara nani amezihesabu?

3/ 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. 2020, baada ya uchaguzi, muungano mpya ukakubaliana tena: programu huria kwanza, pale inapowezekana.