Jinsi Sauti ya Tatu Ilivyorudi
Wengi wenu mnaikumbuka albamu yetu ya kwanza, na aibu yake. Studio iliibana sauti yote kwa kompresa moja. Kila noti nzito ya kinanda ilipopigwa, waimbaji walizama nayo. Marehemu mwalimu wetu, aliyeongoza sauti ya tatu, hakusikika kabisa. Mwaka jana tulipata faili la awali, lisilobanwa. Tukaomba ligawanywe mafungu matatu: chini ya hezi 150, katikati, na juu ya hezi 5,000, kila fungu libanwe peke yake. Kinanda kikatulia bila kuwagusa waimbaji. Fungu la juu tulilizidisha kwanza, herufi s zikachoma masikio, tukapunguza. Ubeti wa pili, mwalimu akasikika. Mkewe aliomba wimbo urudiwe mara tatu.