TINDIKALI NA FOMALINI: ADUI WA WAZI NA ADUI WA SIRI

Leo tutalinganisha vitu viwili. Kwa macho vyote ni kama maji tu. Cha kwanza ni tindikali ya kiberiti, ile itiwayo katika betri ya gari. Cha pili ni fomalini, yaani gesi ya fomaldehaidi iliyochanganywa na maji. Hiyo hutumika kuhifadhia maiti zisioze. Je, kipi cha kuogopwa zaidi?

Tindikali ni ya zamani zaidi. Mwaka 1746, mjini Birmingham, Uingereza, John Roebuck alianza kuitengeneza ndani ya vyumba vya madini ya risasi badala ya vyombo vya kioo. Basi ikapatikana kwa wingi. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté aliitumia katika betri yake. Mwaka huo huo Mrusi mmoja, Aleksandr Butlerov, alipata fomaldehaidi kwa mara ya kwanza.

Sasa tazama kazi zao. Tindikali kali hunyonya maji. Ikidondokea nguo au mti, hugeuka mweusi kama mkaa. Ikikugusa, utajua mara moja, nawe utakimbilia maji mengi ya kunawa. Fomalini haifanyi hivyo. Huikaza nyama na kuua vijidudu viozeshavyo. Mwaka 1893 Ferdinand Blum wa Frankfurt, Ujerumani, aliona ngozi ya vidole vyake imekakamaa kwa sababu ya kuishika.

Wachuuzi wa maziwa huko Marekani wakapata hila. Walitia matone machache katika maziwa, yasichache wakati wa joto. Mnunuzi hakuona kitu. Watoto wadogo waliyanywa, wakaugua, na wengine wakafa. Kuanzia mwaka 1902 mkemia wa serikali, Harvey Wiley, aliwapa vijana waliojitolea chakula chenye dawa za kuhifadhia, fomaldehaidi ikiwamo, apate kuona madhara yake. Tarehe 30 Juni, 1906, sheria ya kulinda chakula ikatiwa sahihi. Mwaka 2004 wataalamu wa kimataifa wa saratani walitamka kwamba fomaldehaidi huleta saratani kwa binadamu.

Basi jibu ni hili: viogope vyote viwili, lakini tindikali hukupigia kelele, fomalini hunyamaza. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Maziwa mabichi yakikaa siku nyingi katika joto bila kuchacha, usifurahi. Uliza yametiwa nini.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mnunuzi wa maziwa hakuitambua hila?
2. Sheria ya chakula humlinda nani?