Kipimo cha Bingwa

Katika Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, majira ya baridi ni majira ya saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli za matopeni, mchangani na vilimani, zichukuazo kama saa moja. Penye vizuizi mshindani hushuka, akajitwika baiskeli begani na kukimbia. Kando ya njia husimama watu kwa maelfu, nao hubishana.

Ubishi wao mkubwa ni wa bingwa wa mabingwa. Erik De Vlaeminck aliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1966, akaukosa 1967 ulipochukuliwa na Renato Longo wa Italia, kisha akaushika mfululizo tangu 1968 hata 1973. Jumla mara saba. Sven Nys aliupata mara mbili tu, 2005 na 2013. Lakini ubingwa wa dunia ni kazi ya siku moja, na pancha moja yatosha kumnyima mtu haki yake. Mashindano ya Superprestige, ambayo alama zake hukusanywa majira mazima, Nys aliyashinda mara 13. Kwa kipimo hiki hana mdogo wala mwenziwe.

Mwaka 2025, huko Liévin katika Ufaransa, Mholanzi Mathieu van der Poel aliifikia saba ya De Vlaeminck. Majira hayo alishiriki mbio chache, akazishinda zote. Waliozoea kumwona Nys kila Jumapili, akishinda au akishindwa, hawakuridhika kumweka chini ya mtu ajaye kama mgeni.